Upinde Usio na Mdomo

Samburu, Kwale
17 Januari 2025

Mpenzi Husna,

Pole tena. Ile ya mazishini haikuwa pole, maana nilikushika mkono tu nikakosa la kusema. Mtu anampimia mteja sukari dukani kwake, moyo unasimama, basi. Nassir hakustahili kuondoka hivyo, na wewe hukustahili kuletewa habari ile na mpita njia. Nimelia mpaka mama akanifukuza jikoni.

Wifi yako Hasina ameniambia kuwa simu yako inakaa kwa shemeji yako Swabir, eti mjane aliye edani hapigi domo hewani. Haya, tutarudi kwenye kalamu. Shangazi yangu Mbeyu hupeleka kuku sokoni Kombani kila Jumamosi, na Hasina huuza mahamri palepale. Barua zetu zitasafiri na kuku. Zikinuka usinilaumu.

Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, wewe ambaye chuoni ulikuwa huwezi kumaliza kipindi bila kuomba ruhusa ya kutoka! Nimeamua tuuendeleze mchezo wetu. Mimi msimulizi kama zamani, nakwambia kilichotokea. Wewe ni Mwanarusi, mpiga upinde, unaniambia anafanya nini. Dadu ndizo zinazoamua kama amefaulu. Najua mavyaa wako, mama yake Nassir, akiona dadu katika nyumba ya matanga ataziita kamari. Nitakutupia mimi huku, zilezile za pande ishirini alizotuachia yule mgeni aliyetufundisha mchezo huu hotelini Diani.

Tulipoishia: kikosi kimejificha pangoni. Kapteni Tsuma ameuawa. Upinde wake wa pembe umelala kando ya mwili wake, na maadui wako nje. Mwanarusi anafanya nini?

Wako,
Kadzo


Mwabungo
31 Januari 2025

Kadzo wangu,

Barua yako ilinuka kuku kweli, na niliinusa mara mbili. Hapa ndani hakuna chochote kinachonuka. Sina wanja, sina marashi, na udi hauwashwi chumbani kwangu.

Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta wa choo. Shehe mwenyewe alisema mjane anaweza kutoka mchana akiwa na haja, akarudi kulala kwake. Nikamwambia mavyaa kuwa nina haja ya kwenda shuleni Ukunda, watoto wa darasa la saba hawana mwalimu wa hesabu. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wewe una haja gani ambayo sisi hatuwezi kukufanyia?" Na kweli wananifanyia kila kitu. Maji ya kuoga ninaletewa, uji ninaletewa, hata kucha nusura nikatwe. Ningekuwa natukanwa ningejua pa kuanzia.

Sasa mchezo. Kabla Mwanarusi hajagusa kitu nataka kanuni, tena kwa maandishi. Upinde wa pembe si upinde wa kwenu Samburu wa mti mmoja na kamba. Umeunganishwa kwa vitu mbalimbali, na mimi nilisoma mahali kuwa hutengenezwa kwa kipimo cha mtu. Nani anaweza kuuvuta? Akiuvuta asiyeuweza inakuwaje? Na mvua ya masika je? Nijibu sawasawa, usinichanganyie maneno. Unajua mimi na kanuni.

Husna


Samburu
7 Februari 2025

Husna mtu wa sheria,

Shika kanuni zako.

Upinde wa pembe una tabaka tatu: pembe upande unaomwelekea mpigaji, mti katikati, kano za mnyama upande wa nje, zote zimegandishwa kwa gundi. Hutengenezwa kwa nguvu za mtu mmoja, nao una daraja, kuanzia moja hadi nne. Mwenye nguvu zinazolingana na daraja huliongeza katika madhara anayompa adui. Mwenye nguvu pungufu hupunguza mbili katika kila dadu. Ukilowa gundi hulegea, na hauvutwi mpaka uanikwe siku nzima. Mwenyewe akifa, upinde hurithiwa na msaidizi wake pamoja na vitu vyake vyote.

Nilimsomea Babu Kenga, aliyewahi kuwinda kwa upinde huku bara. Akacheka mpaka akakohoa: "Upinde gani huo unaoogopa mvua?" Kwa hiyo usidhani ni mimi tu ninayekuonea.

Upinde wa Tsuma ni wa daraja la nne. Msaidizi wake ni Matano, mwenye nguvu mbili. Matano ameuokota, amesimama mlangoni mwa pango, anauvuta. Mwanarusi amwache au amzuie?

Kadzo


Mwabungo
14 Februari 2025

Kadzo,

Mwamba ngoma huvutia kwake. Kanuni umeandika wewe, msaidizi umemchagua wewe, na Matano ni mhusika wako wewe.

Sikubali. Umesema mtu asiyeuweza hupunguza mbili. Hiyo ni hasara ya mtu. Hasara ya upinde iko wapi? Kitu kilichopindwa kwa mkono mmoja, kikazoea mkono ule, kikichukuliwa na mwingine hakiumii? Naomba kanuni hii: kila ukivutwa na mkono usio wake, tabaka moja linapasuka. Mara tatu, umekufa. Na tena iwepo dadu ya upinde wenyewe, kuona kama utakubali kuvutwa.

Mwanarusi anamzuia Matano. Amemshika mkono. Mtupie dadu upesi.

Hapa hakuna jipya. Mavyaa amenipa doti ya leso, mpya, ingawa siwezi kuivaa bado. Imeandikwa "Nyumba ni ileile, mlango ni uleule." Nimeiweka chini ya mto.

Husna


Samburu
28 Februari 2025

Husna,

Nimetupa: nne kati ya ishirini. Mwanarusi amesukumwa, ameanguka. Pole.

Na kanuni yako nimeikataa, bibi. Upinde ukipasuka kila mtu akiugusa hatutafika popote, mchezo utaisha pangoni. Dadu ya upinde kukubali ndiyo imenichekesha zaidi. Upinde hauna mdomo. Ni kitu. Aliyerithi karithi, na kazi yako Mwanarusi ni kusimama nyuma yake na kumpa mishale.

Leso nzuri hiyo. Mavyaa wako anakupenda, wengine hutupiwa virago kabla tanga halijaanuliwa.

Ramadhani njema. Niandikie, usiniache na Matano peke yangu.

Kadzo


Samburu
28 Machi 2025

Husna,

Jumamosi nne Mbeyu amerudi na vizimba vitupu na mikono mitupu. Hasina anasema u mzima, unafunga, unasali, na hutaki karatasi. Kweli umeninunia kwa ajili ya kanuni ya mchezo? Mwezi mzima, na mwezi wenyewe Ramadhani?

Basi chukua. Mwanarusi aamke, Matano akose, upinde upasuke tabaka moja. Umeridhika? Mimi nimechoka kuandika barua kwa ukuta wa choo.

Idi njema ikifika.

Kadzo


Mwabungo
11 Aprili 2025

Kadzo,

Sikukununia. Niliisoma ile sentensi yako, upinde hauna mdomo, nikaikunja barua, na mkono ukakataa kuandika. Hukujua, na hukujua kwa sababu mimi sikukwambia. Leo nakwambia.

Wanataka niolewe na Swabir siku nitakapotoka eda. Swabir, mdogo wake Nassir, niliyemfundisha hesabu za mtihani wa kidato cha nne akishindwa kutofautisha nusu na robo. Kumposa mwanamke aliye edani ni haramu, na hawa ni watu wa dini, hawakuniposa. Wameniposa kwa leso. Baada ya ile ya kwanza imekuja ya pili, "Aliyekuzoea hakutupi." Ya tatu nilipewa wiki iliyopita: "Tulia utunzwe." Mavyaa huzileta mwenyewe, huzikunjua kitandani, hunisomea maneno kana kwamba mimi sijui kusoma, kisha hunibusu paji la uso.

Tabu yangu ni hilo busu. Angekuwa mkali ningemjibu. Lakini analia usiku wa kuamkia kila Ijumaa, na anasema nikikaa chumbani nikikohoa huona kama Nassir bado yuko, amelala tu. Anataka nibaki ili mwanawe asiishe. Nitamwambiaje kuwa mimi sitaki kuwa kikohozi cha mwanawe?

Swabir amekwisha kumwendea Ami Chirau kule Msambweni. Baba yangu hayupo, kwa hiyo ami ndiye walii wangu, ndiye wa kunioza. Amemwambia mimi nimeridhia ila ninaona haya kusema kwa heshima ya eda. Hasina alisikia, akanipenyezea. Ami hajui kitu kingine. Mimi siwezi kumfikia, na hata nikiazima simu, nyumba hii kila pazia lina mtu nyuma yake.

Mwalimu mkuu ameniandikia kuwa muhula ukianza nisiporudi atampa mtu mwingine darasa langu. Sikumjibu.

Ninaogopa, Kadzo. Ninaogopa kwamba nikiulizwa nitanyamaza. Nimekaa kimya siku nyingi mno, sauti imeshazoea kukaa.

Husna


Samburu
25 Aprili 2025

Dada yangu Husna,

Nimeisoma barua yako nimesimama uani, kisha nikakaa chini pale pale kwenye mavi ya mbuzi. Nisamehe kwa upinde, nisamehe kwa leso nzuri, na nisamehe kwa kukuambia ukampe mtu mishale. Kanuni yako imepita. Nimeinakili kwenye daftari la mchezo kwa maneno yako, sikubadilisha hata nukta.

Sasa ya maana. Shule zilikuwa zimefungwa, nikashuka hadi Msambweni. Nikamkuta Ami Chirau anatengeneza baiskeli kibarazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanipa chai kabla hajaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia yote. Akaendelea kuzungusha gurudumu la baiskeli. Kisha akasema, "Swabir alikuja hapa na tende na adabu zake, nikamwamini. Lakini Husna si mwari. Mwari kimya chake kinatosha. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hasemewi na mtu, lazima aseme kwa ulimi wake. Nitakwenda nitamuuliza mwenyewe."

Nikamuuliza, akikataa je? Akasema, "Akikataa hakuna ndoa. Lakini aseme. Mimi nilikwisha kutoa neno langu kwa watu, sitalirudisha kwa maneno ya kuletewa."

Kwa hiyo jambo lote liko mdomoni mwako. Ami ameniambia siku utakayotoka eda atakuwapo. Nami nitakuwapo. Nimeizungushia siku hiyo wino mwekundu kwenye kalenda, nimeomba ruhusa shuleni, na binamu yangu Japheth atanileta kwa probox yake. Nitaketi nawe nyuma ya pazia, nitakushika mkono, na wewe utasema neno moja. Ukishindwa nitakufinya. Kisha tunapanda gari tunakuja Samburu. Chumba kipo, na mwalimu wa hesabu huku anatafutwa tangu mwaka juzi.

Usiogope. Sitakuacha peke yako.

Kadzo


Mwabungo
9 Mei 2025, Ijumaa, baada ya alasiri

Kadzo,

Hukuja.

Jana jua lilipotua eda yangu iliisha. Hasina aliniogesha, akanitia udi, akanivalisha moja katika zile leso, nami nikaiacha ivaliwe kwa kuwa nilikuwa nasikiliza gari. Nililala nikisikiliza gari. Leo asubuhi wamekuja wapishi, nikasikia vyungu vinaburutwa uani, nikamwambia Hasina aende barabarani akatazame. Alikwenda mara tatu.

Baada ya sala ya Ijumaa wanaume wakakaa barazani. Ami Chirau akaingia ndani, akasimama upande wa pili wa pazia la chumba changu. Niliziona ncha za vidole vyake chini ya pazia. Mavyaa alikuwa amekaa nami kitandani, ameniwekea mkono mgongoni.

Ami akaniuliza, "Husna, binti ya ndugu yangu, umeridhika kuolewa na Swabir?"

Nikanyamaza. Wallahi nilinyamaza. Nilikuwa nangojea unifinye.

Mavyaa akasema, "Anaona haya mwanangu. Kimya ndiyo jibu."

Ami akasema, "Hilo ni jibu la mwari, dada. Huyu alikuwa mke wa mtu. Aseme." Akauliza mara ya pili. Nikafungua mdomo, nikatoa upepo. Mkono wa mavyaa ulikuwa unanipapasa polepole kama ambavyo humpapasa mtoto anayetapika, na nikajua kwamba nikingoja aniulize mara ya tatu nitamhurumia, na nikimhurumia nimekwisha.

Nikasema, "Sikuridhika."

Ilitoka ndogo. Ami akasema, "Sikusikia." Nikasimama, mkono ule ukaanguka mgongoni, nikasema tena, "Ami, sikuridhika. Sikuwahi kuridhika na sikumtuma mtu kusema nimeridhika." Sasa nilikuwa napiga kelele. Hata uani walioshika miko walinisikia.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Haikuwa hivyo.

Ami hakuingia. Nilimwona akivaa viatu, vidole vile vikapotea. Akawaambia wanaume, "Mmesikia. Hakuna ndoa." Nikapenua pazia nikamwita. Akasema bila kugeuka kwamba nimemwacha uso mtupu mbele ya watu, na kwamba kwake nisiende kwanza. Akaondoka. Swabir alikuja mlangoni, akaweka simu yangu sakafuni, akarudi nyuma. Mvulana yule hana ubaya, Kadzo, nadhani naye alipewa leso zake. Simu haina chaji, na chaja haijulikani ilipo.

Mavyaa hakunitukana. Alikaa pale pale kitandani kwa Nassir, akamwita Hasina akamwambia, "Wapakulieni watu, wamekuja wale." Wamekula pilau ya harusi isiyokuwapo, wameondoka. Yeye amejilaza chumbani kwake, ameelekea ukutani.

Sasa mlango uko wazi. Hakuna anayenizuia. Nimefunga begi, nimekwenda hadi kizingitini mara mbili, na mara mbili nimerudi nikakaa. Nje kuna mwanga mwingi. Siku mia na ishirini na saba nimeutamani mwanga huo, na sasa miguu haitaki. Ni aibu kuandika hivi.

Sijui kilichokuzuia. Nina hasira na wewe, na sina mwingine. Barua hii nimeiandika anwani kama kawaida, ya kupelekwa Kombani kesho asubuhi. Ikikufikia kwa mkono wa Mbeyu, jua sikuweza kuvuka mlango, na usije kunitafuta, maana nitakuwa nimezoea.

Husna


Samburu
12 Mei 2025

Ami Chirau,

Shikamoo. Naandika kwa adabu, na pale nitakapoteleza unisamehe. Mimi ni Kadzo, yule mwalimu wa Samburu uliyempa chai.

Kosa la kwanza ni langu, na nataka ulijue kutoka kwangu. Tulipoagana Msambweni tulisema "siku ya kutoka eda," wewe ukabaki na siku yako nami nikaondoka na yangu, hakuna aliyetaja tarehe. Nassir alifariki tarehe mbili Januari. Nilichukua kalenda ya ukutani, nikahesabu miezi minne na siku kumi, nikafika leo, Jumatatu, tarehe kumi na mbili. Nikaizungushia wino. Sisi huku hatuna eda, haikunijia hata kidogo kwamba ninyi mnahesabu kwa mwezi unaoandama, ambao ni mfupi kuliko wa kalenda. Nilimwahidi Husna kumshika mkono, nikachelewa siku tatu. Wewe ulimfanyia haki. Wengi wangekubali kile kimya, nawe ulikikataa ukauliza tena. Nakushukuru kwa hilo na sitasahau.

Jumamosi, saa kumi jioni, nilikuwa nafua. Nikamwona shangazi Mbeyu anakuja na vizimba vyake, na nyuma yake mtu amejifunika leso, anatembea kwa kushikilia ua. Alikuwa ametoka Mwabungo, akavuka Ukunda peke yake hadi Kombani alipomkuta Mbeyu, kisha Kwale na Kinango, na miguu ilikuwa imemvimba viatu havitoki. Hakunisalimia. Alitoa bahasha kifuani, akanipa kwa mkono wake, akasimama mbele yangu mpaka nilipoisoma yote.

Nilipofika mwisho nilimwonyesha kalenda. Aliitazama, akahesabu kwa vidole kama anavyowafundisha watoto, akasema, "Siku tatu." Kisha akacheka, ami, akacheka mpaka akakaa chini, na huko chini ndiko kilio kilikomkuta.

Hakumlilia Swabir wala nyumba ile. Leo asubuhi yeye mwenyewe amemwandikia mavyaa wake barua ya kumwombea njema. Hilo wataliweka sawa wenyewe. Analia kwa kuwa ulivaa viatu ukaondoka bila kumtazama. Anasema kama ungegeuka ungemwona anatetemeka, na ungejua kuwa hakukuvunjia heshima, alijibu swali uliloliuliza. Amenikataza nisikwambie haya. Nimekwambia.

Neno alilisema, ami, na ulilitaka wewe. Sasa amebaki kukungojea umwite kwa jina. Ukitaka kuja, shuka kituo cha Samburu uulize nyumba ya mwalimu Kadzo, na usingoje nikutajie siku. Kesho anaanza kufundisha. Saa nane mchana atakuwa amerudi.

Wako kwa heshima,
Kadzo